POINTI AU ELEKTRONIKI: KIPI KITAKUFIKISHA?

Gari la kale katika nyumba ni mfano wa mzee wa ukoo. Lina heshima yake, lina desturi zake, na halipendi kuharakishwa. Ziko familia ambazo hadi leo hutegemea Peugeot 404, Land Rover ya miaka ya 1960, au ile Volkswagen ndogo yenye injini nyuma, kwa sababu babu alilinunua gari hilo, baba akalitunza, na watoto wakapelekwa shule ndani yake. Magari haya hayana kompyuta. Cheche zinazowasha petroli ndani ya injini zake hutawaliwa na vipande viwili vya chuma, vidogo kuliko punje ya mahindi, ambavyo mafundi huviita pointi.

Siku hizi mwenye gari la namna hiyo akienda dukani kutafuta pointi, huenda muuzaji akamwonyesha kitu kingine: kifaa kidogo cha elektroniki kinachokaa mahali pale pale pa pointi, ndani ya distribyuta ile ile. Ataambiwa, "Toa pointi, tia hiki, kisha sahau." Maneno hayo ni matamu. Lakini mtu anayepakia watoto na mizigo kwenda kijijini, au anayetaka gari liwake usiku wa manane mgonjwa apelekwe hospitali, hawezi kuridhika na utamu wa maneno. Anataka kujua kipi kitamfikisha.

Jibu la swali hili huwagawa mafundi. Wako wanaoapa kwamba elektroniki ni salama kuliko pointi, na wako wanaoapa kinyume chake. Kila upande una ushahidi wa macho. Nadhani ugomvi wao watoka katika neno lenyewe la kutegemeka, kwani ndani yake mna maswali mawili. La kwanza: kitu hiki huharibika mara ngapi? La pili: siku kitakapoharibika, nitafanya nini? Mwenye gari asiyeuliza maswali yote mawili ataamua kwa nusu ya akili.

KAZI YA POINTI

Tuanze na kazi yenyewe. Mpango wa kuwasha injini kwa betri, koili na pointi ulitengenezwa na Mmarekani Charles Kettering, nao ukatiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Pointi zikiwa zimefungana, umeme wa betri hupita katika waya mnene wa koili na kujenga nguvu ya sumaku. Shafti ya distribyuta ikizunguka, kemu yake husukuma kisigino cha pointi, nazo zikaachana. Umeme hukatika ghafla, ile sumaku huanguka, na waya mwembamba wa koili uliozungushwa maelfu ya mara hutoa msukumo wa maelfu ya volti. Msukumo huo hupita katika rota na kifuniko cha distribyuta hadi kwenye plagi, cheche ikaruka.

Kondensa nayo, kile kikopo kidogo kilichofungwa kando, hupokea umeme ambao ungeruka baina ya pointi wakati zinapoachana. Pasipo kondensa nzima, pointi huungua haraka na cheche ya plagi hudhoofika.

Ili upate kuiheshimu kazi hiyo, fanya hesabu ndogo. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka na kufungana mara 6,000 katika dakika hiyo, yaani mara 100 kwa kila sekunde. Kwa saa moja ni mara 360,000. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa saa tatu za mwendo huo, pointi zitakuwa zimefunguka zaidi ya mara milioni moja. Hebu fikiri mlango wa nyumba yako ungekuwaje kama ungefunguliwa mara milioni moja kati ya asubuhi na mchana!

UGONJWA WA POLEPOLE

Basi haishangazi kwamba pointi huchakaa. Kisigino chake husuguliwa na kemu mpaka kikapungua. Kikipungua, nafasi kati ya pointi nayo hupungua. Katika Volkswagen nafasi hiyo hutakiwa kuwa milimita 0.4, na katika Land Rover ya silinda nne ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Nafasi ikiwa ndogo kuliko inavyotakiwa, pointi huchelewa kufunguka, na cheche huchelewa kuruka. Gari hukosa nguvu mlimani, injini hupata moto, na petroli huliwa bila faida.

Jambo baya ni kwamba hasara hii haipigi kelele. Huja kidogo kidogo, kama mwizi anayedokoa kiganja kimoja cha mchele kila siku. Dereva huzoea gari lake linavyozembea, akadhani ni uzee tu. Mfanyakazi anayehesabu kila shilingi ya mafuta anaweza kupoteza fedha kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kipande cha plastiki kilichosagika kwa unene wa karatasi. Ndiyo maana pointi hutakiwa kukaguliwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi, na kubadilishwa kila kilomita 10,000 au zaidi kidogo, kufuatana na kitabu cha gari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini tuwe waadilifu. Ugonjwa wa polepole una wema wake, kwa kuwa humpa mwenye gari muda wa kuonywa. Injini hukohoa, huchelewa kuwaka asubuhi, hutetemeka ikisimama. Na hata pointi zikikataa kabisa njiani, mtu mwenye bisibisi na tupa ndogo aweza kuzifufua. Hufungua kifuniko, husafisha nyuso za pointi, huzifuta mafuta na vumbi, hupima nafasi kwa fila, na kama fila haipo, kwa kadi ngumu yenye unene unaokaribiana na ule unaotakiwa. Robo saa baadaye gari huondoka. Taimingi haitakuwa sawasawa, lakini litafika.

Historia ya barabara zetu inashuhudia hayo. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na Volkswagen ilishinda mwaka 1962, yote hayo kwa pointi. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, matope na mawe yaliyamaliza magari mengine hata yakafika 7 tu. Magari hayo yalikuwa na mafundi waliyoyakagua bila kuchoka. Pointi hutegemeka pale ulipo mkono wa kuzitunza.

KIFAA KISICHOGUSANA

Sasa tuitazame elektroniki. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, nayo ilileta swichi isiyo na vyuma vya kugusana. Mwaka 1963 kampuni ya Pontiac iliwauzia waliotaka mfumo wa kuwasha usiokuwa na pointi. Kufika mwaka 1973 Chrysler ilikuwa imeutia mfumo wa elektroniki katika magari yake yote ya Marekani, na katika miaka ya 1980 pointi zikatoweka karibu kabisa katika magari mapya.

Vifaa vinavyouzwa leo kwa ajili ya magari ya kale hutumia sana njia moja. Pete yenye sumaku ndogo hufungwa katika shafti ya distribyuta. Karibu yake huwekwa kipokezi kinachoihisi sumaku inapopita, kwa kutumia tabia ya umeme iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Kila sumaku inapopita, transista hukata umeme wa koili, kama vile pointi zilivyokuwa zikifanya. Vifaa vingine hutumia mwanga unaozibwa na kufunguliwa na sahani inayozunguka.

Faida zake ni za kweli. Hakuna kisigino cha kusagika wala nyuso za kuungua. Taimingi ikisharekebishwa hubaki ilivyo kwa muda mrefu. Hata shafti ikiwa imelegea kidogo kwa uzee wa bushi, kipokezi hakiyumbi kama pointi zinavyoyumba. Kwa swali letu la kwanza, basi, jibu ni wazi: kifaa kizuri cha elektroniki, kilichofungwa vizuri, huharibika kwa nadra kuliko pointi.

Zaidi ya hayo, pointi za leo si zote zinazofanana na zile za zamani. Mafundi wengi wa magari ya kale hulalamika kwamba huletewa pointi zenye kisigino laini na kondensa zinazokufa kabla ya wiki kwisha. Mtu akinunua vitu hivyo kisha akasema pointi hazifai, ameonja tunda bovu akaulaumu mwembe.

KIFO CHA GHAFLA

Yako wapi matatizo ya elektroniki? Yako katika swali la pili. Kifaa hiki hakikohoi wala hakitoi onyo. Kinafanya kazi kikamilifu saa tisa, na saa tisa na dakika moja kimekufa. Ukikifungua hutaona kitu, kwa kuwa kimefunikwa kwa plastiki ngumu. Hapana cha kusafisha wala cha kukaza.

Hata hivyo vingi havifi kwa ajali yake. Huuawa na mikono yetu. Nitazitaja njia sita zinazojulikana sana.

Ya kwanza ni kugeuza nyaya. Waya wa chanya ukifungwa penye hasi, baadhi ya vifaa hufa papo hapo. Nawe kumbuka kwamba magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa chasisi upande wa chanya wa betri. Gari la namna hiyo lahitaji kifaa chake maalumu.

Ya pili ni kuacha swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa, kwa mfano ili watoto wasikilize redio. Koili hupata moto, na vifaa vya aina ya zamani huungua. Vipya vingi vina kinga ya jambo hili, lakini si vyote.

Ya tatu ni koili isiyolingana. Koili yenye ukinzani mdogo kuliko uliotajwa na mtengenezaji hupitisha umeme mwingi, na transista haiwezi kuubeba.

Ya nne ni kuomba msaada wa umeme kwa dereva wa lori. Malori mengi hutumia volti 24, na gari lako ni la volti 12. Pointi zingeweza kuvumilia kosa hilo kwa dakika chache. Elektroniki haina subira hiyo.

Ya tano ni kuchomelea bodi bila kutoa nyaya za betri. Kila fundi wa kuchomelea aambiwe hili kabla hajawasha mashine yake.

Ya sita ni kupima cheche kwa kuchomoa waya wa plagi na kuuacha ukining'inia wakati injini inazungushwa. Msukumo wa koili usipopata njia ya kutokea, hurudi kutafuta njia nyingine, nayo huenda ikawa ndani ya kifaa. Anayetaka kupima achukue plagi ya akiba, aifunge katika waya, na aigusishe na chuma cha injini, mbali na mvuke wa petroli.

Kuna udhaifu mwingine ambao si kosa la mtu. Betri ikiwa imechoka, stata huivuta hata volti zikashuka chini ya 9. Baadhi ya vifaa vya elektroniki hukataa kazi hapo, ingawa pointi zingalitoa japo cheche hafifu na gari likasukumwa na vijana wa mtaani likawaka. Kwa hiyo atakayefunga elektroniki hana budi kuitunza betri yake kuliko zamani.

FIMBO YA MBALI

Ili tuone uzito wa jambo hili, tuliache jiji. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50. Mchana abiria hufurahi kuona twiga na pundamilia. Usiku mambo ni mengine. Gari likizimika hapo, na watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma, baba au mama hawezi kushuka ovyo kufungua boneti huku tembo na nyati wanakatiza barabara. Simu ya mkononi yaweza kumleta fundi kutoka mjini. Lakini kama kifaa kilichokufa hupatikana katika duka moja tu la Dar es Salaam, au huagizwa kutoka ng'ambo, fundi huyo atakuja kukupa pole na kamba ya kuvutia gari.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kifaa bora kuliko vyote duniani, kama badala yake haimo ndani ya gari, ni fimbo ya mbali. Vivyo hivyo pointi na kondensa, kama dereva hana za akiba wala hajui kuzifunga, ni fimbo ya mbali ingawa zimo katika kila duka la mji.

UCHAGUZI WAKO

Kutokana na hayo, ushauri wangu ni huu.

Kwanza, usinunue elektroniki ili kuficha ugonjwa mwingine. Kifuniko chenye ufa, rota iliyoungua, nyaya za plagi zilizokauka, plagi chafu, au uzani wa ndani ya distribyuta ulioshikwa na kutu, vyote hubaki vilevile pointi zikitolewa. Mvua na maji ya mto huizima distribyuta ya aina zote mbili. Shika shafti kwa vidole uitikise; ikicheza sana, bushi zibadilishwe kwanza.

Pili, kama gari lako ni la kazini, sokoni na shuleni, na nyumbani hapana mwenye muda au ujuzi wa kupima pointi, basi elektroniki itakufaa. Nunua kwa mtengenezaji anayejulikana, soma maelezo yake, na hakikisha kifaa kinapata volti kamili. Magari mengine hupitisha umeme wa koili katika rezista, na kifaa kikiunganishwa baada ya rezista hiyo hupata njaa kila siku.

Tatu, kama gari lako husafiri mbali, au hutumika shambani, chagua mojawapo kwa moyo mkunjufu, lakini uwe na akiba. Mwenye pointi abebe seti nyingine ya pointi, kondensa, rota, fila na bisibisi fupi. Mwenye elektroniki asitupe kamwe pointi zake za zamani. Azisafishe, azifunge katika bamba lake pamoja na kondensa, azitie ndani ya mfuko mkavu, na kuziweka chini ya kiti. Vifaa vingi vya aina hii hutoka na kurudishiwa pointi kwa muda wa nusu saa. Aliye na uwezo aweke distribyuta nzima ya akiba, iliyokwisha pimwa. Akiba haiozi.

Nne, na hili nalisisitiza, jifunze kazi hiyo kabla ya safari. Siku moja ya mapumziko, gari likiwa limesimama uani, toa kifuniko, toa pointi, zirudishe, pima, washa. Waite watoto wako, wa kike na wa kiume, washike taa na waulize maswali. Kijana aliyeingia ufundi baada ya mwaka 2000 amezoea magari yanayosomwa kwa mashine, na yumkini hajawahi kushika fila. Wazee wanaojua kusikiliza injini na kusema "pointi zimebana" wanapungua katika gereji zetu. Wakiondoka bila kurithisha ujuzi wao, pointi zitakuwa hazitegemeki kweli, hata zikitengenezwa kwa dhahabu, kwa kuwa hatakuwapo wa kuzitunza.

Ndugu msomaji, pointi ni mtumishi anayetaka kusimamiwa kila mara, lakini akianguka humwinua kwa mkono wako. Elektroniki ni mtumishi asiyehitaji msimamizi, lakini akianguka hainuki. Anayekaa karibu na msaada aweza kumwajiri huyu wa pili na kulala usingizi. Anayekwenda mbali na amwajiri amtakaye, mradi badala yake awemo ndani ya gari, na mwenye kuifunga awe ndiye aliyeshika usukani.

Tuonane Jumapili ijayo. Safari njema.